Kopo la Sukari la Kerege

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Nikiletewa samaki, naanza kumfunua mashavu ndipo niitikie salamu ya aliyemleta. Nikiambiwa maji yamechemka, nasogea mwenyewe nikatazame. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba siku nitakapoingia peponi nitagonga kuta kwanza, nijue kama ni za kweli. Sawa, nitagonga. Ubaya uko wapi?

Lakini kuna kitu kimoja sikuwahi kukishuku ujanani mwangu, nacho ni mkono wangu huu wa kulia. Nilikuwa nikipika maandazi ya kuuza, hapa hapa Bagamoyo, na unga nilikuwa naukata kwa mkono, donge baada ya donge. Siku moja mwenye duka la jirani alifanya maskhara, akachukua madonge yangu kumi akayatia kwenye mizani moja moja. Yote sawasawa. Akaniambia, "Bibi wee, nikuajiri uwe mizani." Basi tangu siku hiyo nikavimba kichwa. Mtu akibishana nami juu ya uzito wa kitu, namwambia lete nishike, yaishe.

Mkono huo huo ndio uliokaribia kunivunjia nyumba.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mtu wa futi. Futi ilikuwa haimtoki shingoni hata akienda kula. Alipima nguo, alipima milango, alipima hata kivuli cha mpapai kujua kama Alasiri imekaribia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini alipooa mke wa pili, huko Kerege, alikorithi kipande cha shamba la minazi. Sitasema kwamba nilifurahi, maana nani angeniamini? Nililia siku tatu, ya nne nikakanda unga. Yeye akaniapia kwamba atafanya uadilifu. "Mimi sitaki kufufuliwa ubavu mmoja umepinda," alisema, maana sote tulifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwamba ndivyo atakavyofufuliwa mume anayeelemea kwa mke mmoja. Na kweli alijitahidi. Zamu zake zililingana. Akininunulia mimi doti ya kanga, na Kerege ilikwenda doti. Watu wazima walikuwa wakiwaambia waoaji, nenda kamtazame yule fundi.

Sukari ndiyo ilikuwa fahari yake. Kila Alhamisi, kabla ya kupanda baiskeli kwenda kwenye zamu ya Kerege, alikwenda dukani na vyombo viwili, changu na cha mwenzangu. Duka lile lilikuwa na mizani ya zamani, ya sahani mbili zinazoning'inia kwa minyororo. Alikuwa anataka chombo changu kiwekwe sahani hii, cha mwenzangu sahani ile, sukari imiminwe huku na huku mpaka sahani zilale sawa. Watu walisimama kutazama. "Mizani ya wake wawili," walikuwa wakiita.

Mwanzo sote wawili tulikuwa na vikapu vya ukili wa mkindu, vipana, sukari imefungwa kwenye kitambaa ndani yake. Halafu zikaja mvua za masika, sukari ya Kerege ikawa inayeyuka nusu njiani, na ikifika nzima sisimizi wanaimaliza. Mume wangu akamwendea fundi wa bati, akamtengenezea mwenzangu kopo. Kopo dogo, la bati nene, halizidi birika la watu wawili, lenye mfuniko wa kubana. Mimi nikabaki na kikapu changu. Nilitaka mwenyewe kubaki nacho, maana kilikuwa kikubwa, na mkubwa ni mimi.

Alhamisi ya kwanza ya kopo lile, alirudi nalo kutoka dukani akaviweka vyombo vyote viwili mlangoni, akaenda nyuma kujaza upepo baiskeli. Nilikuwa nafagia. Nikainama kuvisogeza, kikapu mkono huu, kopo mkono huu. Kikapu kikainuka chenyewe, chepesi. Kopo, lo! Likanivuta bega. Nikaviweka chini, nikabadilisha mikono. Kopo tena. Nikasimama pale na fagio langu, nikajiambia: aa, kumbe.

Mtu wa kushuku hasemi mapema, anakusanya. Nilimtazama akifunga kopo nyuma ya baiskeli kwa kamba, taratibu, kama anafunga mtoto. Nikamsikia anapiga mluzi. Tangu lini anapiga mluzi? Alipoondoka nikanusa kanzu yake iliyobaki kwenye kamba. Ilinuka jasho na pasi ya mkaa, lakini hata hilo nililishuku, nikaona labda ameifua njiani kuondoa manukato ya Kerege.

Alhamisi ya pili nikavishika tena, na ya tatu nikavishika tena. Kila mara kopo. Ya tatu nikamwita jirani yangu, mwanamke mkweli ambaye hata umbea wake huwa wa kweli. Nikamwambia shika hivi viwili, sikumwambia vya nani. Akashika, akasema, "Kopo." Akashika tena. "Kopo, tena mbali." Shangazi yake mume wangu alikuwa ameketi ukumbini anachambua mchele. Nikampa naye. Huyu ni damu ya fundi, angekuwa na kila sababu ya kumkinga. Akainua, akanitazama, akaviweka chini polepole. "Mwanangu," alisema, "mimi sitaki kuingia kati." Hilo kwangu lilikuwa jibu.

Sasa nisimamishe kidogo hapa, maana wajukuu zangu nikifika hapa huwa wanapiga kelele, "Bibi, si lilikuwa zito kweli kopo lile?" Basi nawaletea kikapu na kopo, nilivyovisawazisha mwenyewe kwa kutia mchanga. Washike. Wote husema kopo. Naviweka kwenye mizani mbele ya macho yao, vinalala sawa. Nawaambia washike tena. Na sasa wanajua kabisa kwamba vimelingana, lakini bado mkono unawaambia kopo! Mmoja aliniambia, "Bibi, mizani yako mbovu." Nikacheka mpaka nikakaa chini, maana hayo ndiyo maneno yangu mwenyewe.

Mjukuu wangu mkubwa, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyenieleza. Anasema jicho likiona kitu kikubwa, ubongo unautumia mkono habari mapema: jiandae, mzigo huo. Mkono unajikaza. Kumbe kitu si kizito hivyo, kinainuka kwa urahisi, nawe unakiona chepesi. Kitu kidogo, ubongo unasema hicho si kitu, na mkono unalegea. Ukikiinua kinagoma, nawe unakiona kizito. Kwa hiyo huhisi uzito peke yake, unahisi na ulichokitarajia. Anasema hata wataalamu bado wanabishana jinsi hasa inavyotokea, maana mkono wenyewe baada ya kushika mara kadhaa hujirekebisha nguvu zake, lakini ile hisia haiondoki. Nilimshuku, bila shaka. Akanifunga macho kwa kitambaa, akanitundikia vyombo viwili kwa kamba, nishike kamba tu. Wallahi sikuweza kujua kipi ni kipi! Vilikuwa sawa kabisa. Macho ndiyo yaliyokuwa yakinichongea kwa mkono wangu.

Na madonge yangu ya unga je? Nayo akanieleza. Yale yalikuwa na ukubwa mmoja yote. Hapo jicho halikuwa na la kuongeza, ndiyo maana mkono ukasema kweli. Nilipewa sifa kwenye mtihani rahisi, nikaichukua sifa hiyo nikaenda nayo kwenye mtihani mgumu.

Laiti ningefumba macho siku ile. Lakini nani humshuku mwenzake akiwa amefumba macho?

Alhamisi ya nne nilimngoja. Jirani yangu alikuwapo, na shangazi alikuwapo, maana nilihakikisha wawepo. Mume wangu akaingia na vyombo, akaviweka mlangoni. Nikamwambia, "Baba watoto, leo usiende nyuma. Kaa."

"Kuna nini?"

"Kuna uadilifu. Shika kikapu changu. Sasa shika kopo la mwenzangu. Kipi kizito?"

Hata kuinama hakuinama. "Vimetoka mizanini sasa hivi, sawa kwa sawa. Mtaa mzima umeona."

"Mizani ya mtu mwingine, mkono wangu mwenyewe. Mwezi mzima unanipunja, na jirani yako shahidi, na shangazi yako shahidi! Unawaonyesha watu uadilifu dukani, nyumbani unaelemea Kerege. Ubavu wako umeshapinda, hungoji kiyama!"

Jamani, ulimi hauna mfupa. Ningemwita mwizi, angecheka. Ningemwita mvivu, angenyamaza. Lakini huyu mtu hakuwa na kingine cha kujivunia duniani ila hilo. Alisimama, futi inaning'inia shingoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo iliyonitisha:

"Sikia, na hawa wawili ni mashahidi. Ikiwa kopo lile ni zito kuliko kikapu chako, umeachika. Na ikiwa vimelingana, utakwenda Kerege kumtaka radhi mwenzio, kwa kinywa chako."

Shangazi alijishika kichwa. "Mwanangu, umesema nini!"

Alikuwa ameshasema. Talaka ya sharti ni talaka, haina mchezo. Nami nikasimama pale nikaelewa kitu ambacho hakijawahi kunipata kabla wala baada. Mwezi mzima nilikuwa naomba maneno yangu yawe kweli, na sasa yakiwa kweli sina ndoa. Nilikuwa na watoto watatu, wako chuoni wakati huo wanasoma, hawana habari. Ningerudi kwa kaka yangu na kisanduku changu, kwa sababu ya sukari. Na mkono wangu ulikuwa na uhakika. Wa jirani ulikuwa na uhakika. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliomba Mungu niwe nimekosea.

Shangazi akatuma aitwe shehe wa mtaa, mtu mpole, mwenye mikono ya mkulima. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa, akamwambia mume wangu, "Fundi, kitambaa unakipima mara mbili kabla ya kukata. Neno je?" Halafu shehe akafanya kile ambacho kila mtu angefanya. Akainama, akashika kikapu, akashika kopo.

Nilimtazama usoni. Niliona nyusi zinapanda. Nikajua mkono wake umemwambia nini. Akaviweka chini. Akasema, "Mkono si mizani. Mimi sitavunja nyumba ya watu kwa mkono. Twendeni dukani."

Nikavaa buibui, tukaenda, jua la mchana likiwa kali, watano sisi, shehe mbele amebeba kopo na mume wangu amebeba kikapu. Sikumshuku mtu mmoja njiani. Nilishuku kila mtu. Mume wangu asije akachota sukari njiani. Shehe asije akaniteta moyoni. Mwenye duka, kumbe, labda ni rafiki wa watu wa Kerege. Na mizani nayo, minyororo yake ile, nani aliwahi kuihesabu? Ila sasa nilikuwa nashuku kinyume. Nilikuwa naomba kama kuna hila, basi iwe upande wangu.

Mwenye duka akaambiwa tu, pima. Akaweka kikapu sahani hii, kopo sahani ile. Zikacheza, kopo likashuka, roho yangu ikashuka nalo, kisha likapanda, likashuka, likatulia. Sawa. Sawa kabisa, ungeweza kuweka futi ya mume wangu juu yake.

Mngedhani nilishukuru. Nikasema, "Badilisha sahani!"

"Mwanamke," shehe akasema, "husikii raha?"

"Badilisha."

Wakabadilisha. Kopo huku, kikapu kule. Zikatulia sawa. Hapo ndipo nilipokaa chini juu ya gunia la mchele nikalia mbele ya wanaume, na mume wangu akaniambia, "Basi, basi mama," naye sauti yake haikuwa sawa. Nadhani na yeye alikuwa ameshika vile vyombo njiani, akasikia mkono wake unamwambia nini. Sikuwahi kumuuliza.

Sharti ni sharti. Jumamosi nikapanda lori la nazi mpaka Kerege. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi ambayo hayatakuwa radhi hasa. Sikuwahi kuingia nyumbani kwake. Nilimkuta uani anamenya mihogo, mwanamke mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka kumi, kiganja kigumu cha jembe. Nilipiga hodi, akanyanyuka haraka akajifuta mikono.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikasema, na hilo dada likanichoma.

Akanitandikia mkeka, akaniletea chai. Nikaonja. Ilikuwa karibu haina sukari. Nikajiambia, tazama choyo cha huyu mtu, ana kopo zima na bado ananipunja! Ndiyo, hata pale. Nikameza, nikasema yangu: nilikushuku, nilisema unapewa zaidi, imepimwa imeonekana sawa, niwie radhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akatoka na kopo lile. Akafungua mfuniko, akaimimina sukari yote kwenye ungo, akalifunga tena, akanipa tupu. "Lishike, dada."

Nikalishika. Astaghfirullah. Lilikuwa tupu na lilikuwa na uzito. Bati nene lile, na risasi ya kuungia. Kikapu changu cha ukili kikiwa kitupu unakiinua kwa kidole kimoja.

Nikatazama ungo. Nikaona sukari ile ilivyokuwa kidogo. Mizani ililingana, ndiyo, lakini ilipima na vyombo. Kila Alhamisi, kile kiasi ambacho bati lake lilizidi ukili wangu, sukari yake ilipungua. Mwenye kupunjwa alikuwa yeye. Mimi ndiye niliyekuwa nakula zaidi, na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele. Na fundi wetu mwadilifu, mtu wa futi, hakuwahi kufikiria kupima kopo tupu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu wiki ya kwanza. Mwanzo nilikuwa natumia kikapu, najua sukari yangu ilikuwa kiasi gani."

"Mbona hukusema?"

Akacheka kidogo. "Ningemwambia nani? Yeye angesema mizani ilikuwa sawa. Wewe ungesema mke mdogo ana tamaa."

Ningesema hivyo hivyo, neno kwa neno. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nikamwambia nikirudi nitamweleza mume wetu, na tangu Alhamisi ijayo nitamwongezea koponi.

Akanishika mkono, mkono huu huu wa kulia. "Dada, rudia alivyosema siku ile. Maneno yenyewe."

Nikarudia. Ikiwa kopo lile ni zito kuliko kikapu chako, umeachika.

"Alisema ni leo tu?"

Nikafikiri. "Hakusema leo."

"Basi sharti bado linaning'inia juu yako, usiongeze hata punje. Wala usimwambie, ataapa tena. Mimi chai ya namna hii nimeshaizoea."

Nilimwambia tukamuulize shehe. Akasema shehe akiulizwa, mume ataulizwa, na mume akiulizwa atajua, na akijua itamvunja. Alikuwa ameshafikiri yote hayo kabla sijamaliza chai yake. Mimi ndiye ninayejiita mtu wa kushuku, lakini siku ile niliona kuna wanaoona mbali bila kumshuku mtu.

Nilikubali. Nikienda Kerege sikukuu, nilikuwa namfungia sukari kwenye pindo la kanga, mbali na kopo, na hiyo aliipokea. Siku nyingine zote, miaka kumi na saba, sahani zililala sawa na watu wakasimama kutazama, na yeye akanywa chai hafifu ili mimi nisiachike.

Mume wetu alifariki kitandani kwangu, zamu yangu, kichwa chake mapajani mwa mwenzangu, kwa kuwa nilimwita aje. Tukakaa eda pamoja, nyumba moja. Siku eda ilipokwisha nilimwomba asirudi Kerege, naye hakubisha. Asubuhi yake nikachukua lile kopo, nikalijaza sukari mpaka mfuniko ukagoma kufunga.

Akanitazama. "Na kikapu?"

"Kikapu kitupu," nikasema. "Sasa hakuna wa kuachika."

Nikampa kopo mkononi. Lilikuwa zito, na safari hii lilikuwa zito kweli.